Sailensa ya Kiprono

Siku ya kwanza nilifika kazini saa moja kasorobo asubuhi, nimevaa ovaroli ya kaka yangu niliyoikunja miguuni mara tatu. Rais wa pili alikuwa hajamaliza mwaka mmoja, na picha yake ilikuwa imetundikwa majuzi tu ukutani mwa ofisi. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, kwa hivyo ukanda wa rangi isiyopauka ulionekana pande zote za fremu. Gereji ilikuwa mali ya ushirika wa wafugaji wa maziwa, nyuma ya ghala la chakula cha mifugo, upande wa Eldoret unaoelekea Kimumu. Nilikuwa na cheti cha ufundi kutoka chuo kidogo karibu na kwetu Sugoi, nilikosoma msichana peke yangu kati ya wavulana kumi na wanane.

Msimamizi wa gereji tulimwita Fomeni tu, na hata leo nikimkumbuka siwezi kumwita kwa jina. Alikuwa mtu wa Webuye, mpana mabegani, mwenye sauti ya chini, aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya walowezi kabla ya Uhuru. Hakuniuliza kama mwanamke anaweza kazi hiyo, swali ambalo nilikuwa nimelitayarishia jibu njia nzima. Alinipa pistoni kuukuu akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona ni nyeusi.

"Basi hiyo nyeusi ndiyo kazi yako," akasema, akanionyesha meza.

Ni lazima nieleze hapa, kwa sababu vijana wa siku hizi wamezoea pikipiki za bodaboda, ambazo oili yake hukaa chini ya injini kama ya gari. Zile zetu zilikuwa za tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili. Oili haikuwa na mahali pake. Ilichanganywa na petroli ndani ya tangi, kipimo kimoja cha oili kwa vipimo ishirini vya petroli, ikalainisha vyuma ikielekea kuungua. Lakini oili haiungui yote. Inayobaki hugeuka masizi magumu, ambayo sisi tuliyaita kaboni. Kaboni hiyo hushika juu ya pistoni, ndani ya kichwa cha silinda, kwenye tundu la kutolea moshi, na mwisho ndani ya sailensa, lile bomba nene la nyuma linalozuia kelele.

Pikipiki ikiwa na kaboni nyingi utaijua. Inakuwa nzito mlimani, inapata joto haraka, na wakati mwingine unazima swichi na injini inaendelea kulia yenyewe, kwa sababu kaboni iliyowaka kama kaa la moto inawasha petroli bila plagi. Kila baada ya miezi mitatu au minne ilitubidi kuifungua na kuikwangua.

Fomeni alinifundisha kwa mpangilio ambao hakuruhusu ubadilishwe. Kwanza unatoa bomba la eksozi. Kisha unalegeza nati za kichwa cha silinda kidogo kidogo, ukivuka kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, maana ukimaliza upande mmoja kwanza kichwa kinapinda. Ukishakitoa, unasukuma pistoni hadi juu na kupaka grisi pembezoni mwake ili vumbi la kaboni linase hapo badala ya kuingia ndani. Kukwangua ni kwa kipande cha mti mgumu. Aliyekamatwa na bisibisi ya chuma alirudishwa kufagia kwa wiki moja, kwa sababu pistoni ni ya alumini, na mkwaruzo mmoja hukaribisha kaboni ishike upya. Sisi tulichonga vijiti vya emitiot, mzeituni wa porini, nilivyotoa mwenyewe Sugoi. Mama yangu alicheka sana. Nyumbani alikuwa akiyatia masizi ya mti kwenye kibuyu kwa makusudi, ili mursik, maziwa ya kugandisha, ipate ladha, na sasa binti yake analipwa kuyatoa.

Baada ya pistoni ni ringi, zile pete nyembamba zinazoizunguka. Unazitoa taratibu zisivunjike, na unasafisha mifereji yake kwa kipande cha ringi ya zamani, kwa kuwa hakuna kitu kinachoingia mle sawasawa kama ringi yenyewe. Kisha unashusha pistoni hadi chini, tundu la moshi likafunguka, ukalikwangua kuelekea nje.

Mwisho kabisa ni sailensa. Ndani yake kuna bomba jembamba lenye matundu mengi, linaloshikwa na skrubu moja kwa nyuma. Sisi tuliliita filimbi. Unalivuta kwa koleo na kulilaza kwenye ndoo ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, usiku mzima, au kwa saa mbili tu kama soda ni mpya na kazi ni ya haraka. Ukilitoa, kaboni inatoka kama uji. Soda hiyo hula alumini, kwa hivyo ni filimbi tu iliyoingia ndooni.

Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko gereji yenyewe. Ushirika ulikuwa na wataalamu sita wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mirija, na kila mmoja alikuwa na pikipiki yake. Wakulima waliwaita madaktari. Ng'ombe akionekana amepata joto asubuhi, lazima apandishwe jioni ile. Ikipita, unangoja siku ishirini na moja nyingine, na kwa siku hizo zote ndama amechelewa na maziwa yamechelewa. Fomeni alikuwa akisema kwamba sisi hatutengenezi pikipiki, tunatengeneza saa.

Kazi iliyokwisha iliandikwa kwenye kadi. Kadi ilikuwa na mistari: kichwa, pistoni, ringi, tundu la moshi, sailensa. Fundi anatia alama kwenye kila mstari na kuweka sahihi, Fomeni anaweka yake chini, na hapo ndipo pikipiki inaruhusiwa kutoka langoni.

Nilifanya kazi chini yake miaka minne bila barua ya onyo. Niliolewa na mwalimu wa Sugoi, nikazaa watoto wawili, nikarudi kazini kila mara. Mwaka wa tano Meneja wa ushirika alitangaza kwamba gereji itapata naibu wa fomeni, na naibu huyo atapewa nyumba ya vyumba viwili Kimumu. Tulikuwa wawili tuliofikiriwa, mimi na fundi mwenzangu Barasa. Fomeni aliniambia pembeni kwamba jina lililopelekwa kwa Meneja ni langu, nisiseme.

Ilikuwa ni katika mvua ndefu za mwaka huo ndipo Kiprono alipoleta pikipiki yake ikwanguliwe.

Kiprono alikuwa daktari wa ng'ombe wa upande wa Moiben. Alikuwa mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, mtu aliyepiga pasi suruali ambayo angeivaa kwenye matope. Alifika asubuhi na kuomba pikipiki iwe tayari saa sita, kwa sababu alikuwa na ng'ombe watatu wa kupandisha jioni ile. Nilianza kazi mara moja. Kichwa, pistoni, ringi, tundu la moshi, vyote nilivisafisha vizuri, na hata leo sina aibu navyo. Nilipofika kwenye sailensa nikakuta ndoo ya soda imekauka.

Soda yetu tuliinunua kwa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya Wajir aliyekuwa na duka la vipuri mjini. Nilikwenda kwake kwa miguu. Haji alinieleza kwa upole kwamba lori lake limekwama njiani kwa mvua, nirudi wiki ijayo. Ingewezekana kuichoma filimbi kwenye moto wa kuni, lakini Fomeni alikataza moto uwanjani kwa sababu ya ghala la chakula cha mifugo, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi. Nikarudi. Kiprono alikuwa amekaa kwenye benchi na flaski yake ya mbegu miguuni, akitazama saa ya mkononi.

Niliifunga pikipiki bila kuivuta filimbi. Nilijiambia itakaa wiki moja tu, soda ikija nitamwita. Lakini kadi yenye mstari mtupu isingemtoa langoni. Kwa hiyo nikatia alama mbele ya neno sailensa, nikaweka sahihi yangu. Fomeni alikuwa akiongea na dereva wa lori la maziwa. Aliweka yake bila kukatiza mazungumzo.

Soda ilikuja baada ya wiki tatu. Wakati huo mtoto wangu wa pili alikuwa ameshikwa na surua, nami nilikuwa nimepewa ruhusa ya wiki mbili. Niliporudi nilikuwa nimesahau. Hilo nalisema jinsi lilivyokuwa. Sikukaa nikijua na kunyamaza, angalau si kwa miezi ile ya mwanzo. Nilisahau kabisa.

Kiprono alirudi akilalamika. Alisema pikipiki inakwenda vizuri hadi inapofika kile kilima baada ya daraja, halafu inaisha nguvu na lazima aisukume. Mimi sikuwapo siku hiyo. Fomeni aliipanda, akazunguka uwanja mara mbili, akasema ni nzima. Uwanja ule ni tambarare, na injini isiyo na mzigo haiwezi kukuonyesha kwamba imezibwa pumzi. Mara ya pili Barasa alibadilisha plagi na kusafisha kabureta. Mtu yeyote angefikiria sailensa, lakini kadi ilisema sailensa ni safi, na kwa Fomeni kadi ilikuwa kama kiapo.

Miongoni mwa wakulima wa Moiben alikuwako mwenyekiti wa chama wa lokesheni. Nasema chama kwa maana ya wakati ule, kilipokuwa kimoja. Alikuwa na ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, aliyenunuliwa kwa taabu, na ng'ombe huyo alikosa kupandishwa mara tatu mfululizo, kila mara Kiprono akifika baada ya joto kupita. Mara ya tatu alifika amelowa matope hadi kifuani, akiisukuma pikipiki. Mwenyekiti alisimama kwenye baraza la chifu akasema mbele ya watu kwamba huyu daktari huanguka njiani kwa sababu ya busaa. Kisha akamwandikia Meneja barua kwamba ushirika unawadharau viongozi.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfupi, msomi wa kilimo, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila alipoogopa. Barua ile ilimfanya aipanguse siku nzima. Alimwandikia Kiprono ajieleze Ijumaa kwa nini asifukuzwe, na pikipiki ikaletwa uwanjani ikawekwa kando.

Nilisikia habari hizo Jumatatu, Barasa akisimulia huku tunakunywa chai. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba ni ajabu, kwa sababu pikipiki yenyewe ilikwanguliwa mwaka huu huu, na Rael, yaani mimi, ndiye aliyeikwangua. Kikombe kilikuwa mdomoni mwangu. Hapo hapo nikaiona ile ndoo iliyokauka.

Jumatatu sikusema. Jumanne sikusema. Niliwaza nyumba ya Kimumu. Niliwaza pia kwamba watu wangesema, si mlileta mwanamke? Jumatano niliwaza kwamba labda sailensa haikuwa imeziba kiasi hicho, labda Kiprono ni mlevi kweli, nani ajuaye ya mtu. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi nikilikumbuka, kwa sababu nilikuwa namjua.

Alhamisi saa ya chakula, wenzangu wakiwa wametoka, nilikwenda kwenye ile pikipiki na koleo. Nilifungua skrubu nikavuta. Filimbi haikutoka kwa mara ya kwanza, wala ya pili. Ilipotoka, matundu yote yalikuwa yamezibwa, na katikati, mahali pa kupitisha moshi, palikuwa na nafasi ambayo kalamu ya risasi isingepita. Mtu huyu alikuwa ameendesha injini iliyofungwa mdomo kwa zaidi ya miezi mitatu.

Soda sasa ilikuwa tele. Ningeweza kuilaza ndooni, nikairudisha asubuhi ikiwa safi, na asingejua mtu. Nilisimama na wazo hilo kwa dakika kadhaa. Lakini Ijumaa wangeijaribu pikipiki kilimani, nayo ingepanda vizuri, na Kiprono angekuwa ameongezewa uongo juu ya ulevi. Niliifunga filimbi kwenye gazeti jinsi ilivyokuwa, na masizi yake yote, nikapanda ngazi ya ofisi.

Meneja alinisikiliza bila kunikatiza. Niliiweka ile filimbi juu ya meza yake na masizi yakamwagika kwenye karatasi. Alikwisha kuvua miwani.

"Unajua Jumatatu ijayo nilikuwa nitangaze jina la nani?" akaniuliza.

"Najua, Bwana Meneja."

"Na barua ya mwenyekiti unaijua."

"Naijua pia."

Alisema ingekuwa rahisi kwa kila mtu kama ningekuja wiki ijayo. Sikujua kama alikuwa ananilaumu au ananishauri. Kisha akaagiza kadi iletwe na Fomeni aitwe. Fomeni aliingia akaona filimbi, akaona kadi, akaelewa kabla ya kuambiwa. Meneja akasema kadi hii ina sahihi mbili.

"Ya pili ni yangu," Fomeni akasema. "Niliweka bila kutazama. Andika barua mbili."

Hayo ndiyo yote aliyosema ofisini. Nje hakuniongelesha kwa siku tisa. Siku ya kumi aliniita, akanionyesha kibao kipya alichokipigilia juu ya meza ya kazi: hakuna alama kabla kipande hakijaonekana mezani. Akaniuliza kama naweza kukisoma. Nikasema naweza. Akasema basi turudi kazini.

Kiprono nilimkuta jioni ile ya Alhamisi kando ya pikipiki yake. Alikuwa ameshaambiwa. Nilianza kuomba msamaha, naye akainua mkono nisimame.

"Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia kwa hakika tangu Jumatatu.

"Siku nne," akasema. "Mke wangu hajalala hizo siku nne." Akaenda zake.

Barua aliyoandikiwa Kiprono ilifutwa. Barasa akawa naibu wa fomeni na akaingia nyumba ya Kimumu, na nasema wazi kwamba aliifanya kazi vizuri. Mimi nilipelekwa Moiben, ambako ushirika ulikuwa na kituo cha kupokea maziwa na kibanda cha mabati kwa matengenezo madogo. Watoto walibaki Sugoi kwa mama mkwe wangu, nikawaona mwisho wa wiki. Mume wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, lakini kwa miezi mingi alikuwa akiniuliza habari za kazi kama mtu anavyomuuliza mgonjwa.

Huko Moiben ndiko nilikojua kwamba mambo hayakuwa yamekwisha. Meneja alimweleza mwenyekiti ukweli, wakiwa wawili faraghani, na mwenyekiti akaondoa malalamiko yake. Lakini lile neno lilikuwa limesemwa barazani, na barazani halikurudishwa. Wiki yangu ya kwanza nilimsikia mpimaji wa maziwa akiuliza kama Daktari wa Busaa amepita. Watoto walimwita hivyo wakikimbia nyuma ya pikipiki. Kulikuwa na mama mmoja aliyemrudisha langoni, akasema heri dume la jirani kuliko mkono unaotetemeka. Kiprono hakuwa ameonja busaa maishani. Alipita kati ya maneno hayo na suruali yake iliyopigwa pasi, asimjibu mtu.

Pikipiki yake sasa ilikuwa mikononi mwangu. Aliileta kila ilipofika wakati. Alisimama juu yangu hadi mwisho, akaomba filimbi, akaielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Hakuwa na neno nami zaidi ya salamu. Hakuniamini tena, lakini pia hakuipeleka kwa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata mkutano mkuu wa wanachama ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Moiben. Meneja alisoma taarifa. Mwenyekiti wa chama alikuwa mgeni wa heshima, amekaa mbele na beji kifuani. Mwishoni pakaulizwa kama kuna mengineyo. Sikuwa nimepanga. Au tuseme nilikuwa nimepanga mara nyingi na kughairi, na siku hiyo nilikuwa nimebeba filimbi kuukuu iliyoziba kwenye kikapu bila kujiambia ni ya nini. Nilijiona nimesimama.

Nilisema jina langu na kazi yangu. Nikasema mwaka jana ng'ombe wengi wa hapa walikosa kupandishwa kwa wakati, na watu wakaambiwa ni ulevi. "Kiprono hakuwa mlevi," nikasema. "Pikipiki yake ilikuwa imeziba sailensa. Mimi ndiye fundi. Sikuisafisha, na niliandika kwamba nimeisafisha."

Wakati ule watu hawakuwa na mazoea ya kusikia neno la kiongozi likirekebishwa mchana mbele yake. Meneja aliishika miwani. Mwenyekiti hakugeuza kichwa. Nilikuwa karibu kukaa, ndipo kogo mmoja, bibi mzee aliyeketi kwenye nyasi, mwanachama wa siku nyingi, akauliza kwa Kinandi, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Sailensa ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa Kinandi na kurudia kwa Kiswahili. Nilisema pikipiki inakula na inatoa moshi, na moshi ule una mafuta, na mafuta yanaganda njiani kama masizi ya kibuyu. Nikatoa ile filimbi kikapuni nikampa. Akachungulia, akaweka mdomo akajaribu kupuliza, haikupita pumzi. Akampa jirani yake. Filimbi ilizunguka uwanja mzima kutoka mkono hadi mkono, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akijaribu kupuliza, na midomo yao ikawa myeusi. Hakuna aliyecheka. Mkulima mmoja alisema, kana kwamba anajisemea, kwamba ng'ombe akizibwa pua hivyo hawezi kupanda hata kichuguu. Ilipofika safu ya mbele, mwenyekiti aliipokea, akaitazama, akampa wa pili yake. Kisha akasema tuendelee na ajenda.

Siku tatu baadaye askari wa chifu alikuja kwenye kibanda changu akaniuliza nani alinituma kusema yale. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama nina jambo na mwenyekiti. Nikamwambia mwenyekiti hakujua sailensa imeziba, hata mimi mwenyewe nilisahau, sasa jambo liwe nini? Aliandika, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Kwa mwezi mzima nilitega sikio kila gari lilipopunguza mwendo nje. Halikuja lolote.

Jina la Daktari wa Busaa halikufa siku moja. Lilififia, na mahali pake watu wa Moiben, ambao hawawezi kumwacha mtu bila jina, wakaanza kumwita Sailensa. Hilo aliliitikia. Yule mama aliyemrudisha langoni alimtumia ujumbe kwamba ana ndama jike aliyekomaa, aje ampandishe. Lakini mimi na Kiprono tuliendelea vilevile, salamu, na filimbi kwenye mwanga.

Nilikaa Moiben miaka tisa. Baadaye Fomeni alistaafu akarudi kwao, Barasa akachukua nafasi yake, na Barasa huyo huyo ndiye aliyeniomba nirudi Eldoret niwe naibu wake. Kufikia wakati huo pikipiki za tu-stroki zilikuwa zimeanza kuondoka. Zikaja zenye oili chini, na nikajifunza upya nikiwa na miwani ya kusomea. Nilipostaafu, ndoo ya soda ilikuwa inatumiwa kusafishia choo.

Wajukuu huniuliza kama najutia miaka ile. Ujuzi wenyewe karibu umekwisha kazi. Wanaoutaka ni wenye misumeno ya kukatia miti, ambayo bado ni ya tu-stroki, nao huniletea hapa nyumbani Kimumu, nikaikwangua kwa mti kama nilivyofundishwa, nikakipanga kila kipande mezani mbele ya mwenyewe. Kazi ya fundi ina sehemu ambayo mteja haioni, na hakuna sheria wala bosi anayeweza kukaa humo ndani pamoja nawe. Hilo silisemi kwa kujisifu, kwa maana mnajua sasa nililijuaje.

Kiprono alistaafu mwaka mmoja kabla yangu. Ushirika ulimfanyia karamu ndogo Moiben, na mimi nilialikwa kama mtu wa gereji. Aliposimama kusema, aliwashukuru watu wengi, mmoja mmoja kwa jina. Alimshukuru mke wake. Alimshukuru Mungu, na wakulima, na hata marehemu mwenyekiti kwa ng'ombe wake wazuri. Mimi hakunitaja. Barasa, aliyekaa karibu nami, alinigusa kiwiko kana kwamba ananipa pole.

Nikamwambia asijali. Nilikuwa nimerudisha kitu cha mwenyewe, jina lake, na nilikirudisha kikiwa na mikwaruzo. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na chai ilipoletwa nikamsogezea Kiprono kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili.